Maji Moto ya Manyara kwa anayetoka Dodoma: ni ya kutazama, si ya kuoga

Kama unatafuta pa kuogelea, tafuta kwingine. Maji Moto Kubwa, chemchemi iliyo upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, inatoa maji ya nyuzi 60 hivi. Hilo ni joto la chai ambayo bado unaipuliza. Maji ya kuoga yakifika nyuzi 42 wengi wetu tunaanza kulalamika. Ila kama safari ya kutazama inakutosha, na uko tayari kuitolea siku nzima, ni ziara nzuri kuliko nyingi zinazofanywa na watu wa Kanda ya Kati wikendi.

Kutoka Dodoma hadi Mto wa Mbu ni chini kidogo ya kilomita 400, lami tupu. Kilomita 251 za kwanza zinakufikisha Babati kupitia Mayamaya, Kondoa na Bonga. Kona za milima ya Kolo zinataka subira, hasa ukiwa nyuma ya lori. Baada ya Babati unapita Magugu (mchele nunua wakati wa kurudi) na Minjingu, kisha Makuyuni unakata kushoto. Asiye na gari apande basi la Arusha linalopita Babati, ashuke Makuyuni, na hapo achukue gari la Mto wa Mbu au Karatu. Usijaribu kuondoka Dodoma alfajiri ukaione chemchemi siku hiyohiyo. Lala Mto wa Mbu, na hakikisha chumba kina chandarua kizima. Jina la mji halikutolewa kwa utani.

Getini hawapokei fedha taslimu. Utapewa namba ya malipo, ulipe kwa simu au kadi, kwa hiyo weka salio mapema. Beba kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje, na tofauti hiyo huipati kwa maneno matupu. Bodaboda haiingii hifadhini. Gari dogo linaweza kupita kiangazi, lakini kusini zaidi utaanza kulionea huruma: mito inayoshuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa, kama Msasa, Ndala na Endabash, inaikata barabara, na mvua ikinyesha huko juu maji yanafika chini hata kama ulipo wewe ni jua kali. Kuanzia Machi hadi Mei kodi gari lenye magurudumu manne yanayovuta, au ahirisha. Juni hadi Oktoba ndio wakati wake.

Kutoka geti la kaskazini hadi Maji Moto Kubwa ni kama kilomita 40. Zinaonekana chache, lakini kwa mwendo wa hifadhini, tembo akikaa njiani na kila mtu akitaka picha, hesabu saa mbili na nusu. Mwanzoni unapita msitu mnene wa mikuyu na miti mingine mirefu, wenye kima na nyani tele. Mvua ya eneo hili peke yake isingeutunza msitu wa namna hii. Unalishwa na maji baridi yanayotoka ardhini chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukingo huohuo ndio unaotoa maji moto kule kusini. Tofauti ni kina: maji yaliyopita karibu na uso wa ardhi yanatoka baridi, na yale yaliyozama kwenye nyufa kilomita kadhaa yanapanda yakiwa yamepikwa. Kila kilomita moja kwenda chini, joto la miamba huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kawaida, kwa hiyo si lazima kuwe na volkano chini ya miguu yako.

Karibu nusu ya njia iko Maji Moto Ndogo, yenye nyuzi 40 hivi. Dakika kumi zinaitosha. Ziwa likijaa sana, sehemu za chini za ufukwe humezwa, basi muulize askari wa hifadhi kabla ya kuifanya kituo cha chakula.

Kubwa yenyewe utainusa kwanza: harufu ya yai viza, yaani gesi ya salfa. Pete ya fedha iache hotelini, itapiga weusi. Maji yanatoka chini ya ukingo, yanajitandaza kama shuka jembamba na kuelekea ziwani, na pembeni yameacha ukoko mweupe wa chumvi na magadi, mithili ya ukoko wa wali uliokaukia sufuriani. Ukoko huo usikanyagwe. Juu ni mkavu, chini ni tope la moto, na ukoko ukivunjika, mguu unazama hadi kifundoni na kiatu kinashikilia joto. Baki kwenye njia ya mbao.

Mchana kuna mtego ambao wageni wengi hawaujui. Mvuke tunaouona kwa macho ni maji yaliyopozwa na hewa yakawa matone madogo. Saa mbili asubuhi, kukiwa na ubaridi, chemchemi inafuka na kila mtu anaiogopa. Saa saba, hewa ikiwa na nyuzi 30, mvuke hauonekani kabisa. Maji yanang'aa tu, yana ukijani, na mtu anainama kunawa uso. Rangi nayo inadanganya. Ule utando wa kijani ni wa bakteria wanaoweza kuishi hadi nyuzi 73 hivi, kwa hiyo kijani hakimaanishi salama. Kwa nyuzi 60, sekunde 5 zinatosha kumuunguza mtu mzima vibaya, na mtoto ni chini ya hapo. Mtoto ashikwe mkono, si kuitwa kwa sauti.

Kwenye gari weka dumu la maji safi la lita 20. Mtu akiungua, vua pete, saa na nguo iliyolowa kama haijagandia, kisha mimina maji hayo taratibu, lita moja kwa dakika. Litadumu dakika 20, na ndizo zinazotakiwa. Dawa ya meno, asali, ute wa yai na mafuta visiguse kidonda. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi, kisha geti, maana safari ya kutoka ni zaidi ya saa moja hata ukikazana.

Hadithi ya kuchemsha yai hapo, ambayo madereva wanaipenda, ipunguze. Ute unahitaji zaidi ya nyuzi 60 ili ugande sawasawa. Hata ukilisubiri nusu saa utapata kitu cheupe chenye kutelezateleza, na umeacha maganda hifadhini. Njoo na mayai yaliyochemshwa nyumbani, uyale ndani ya gari vioo vikiwa vimepandishwa, kwani nyani hawabishi hodi. Chakula kiwe kwenye kontena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Maji ya chemchemi usinywe hata yakipoa. Chemchemi za Bonde la Ufa zina madini ya floraidi kwa wingi, yaleyale yanayotia meno rangi ya kahawia, na watu wa Singida hawahitaji kuelezwa.

Huku kusini kuna mbung'o. Wanavutwa na bluu na nyeusi, basi vaa kaki au kijani kilichofifia. Dawa ya kawaida ya mbu haiwasumbui sana.

Mpango unaofanya kazi: jaza mafuta Mto wa Mbu (lita 20 za ziada kwa landkruza zinatosha), uwe getini saa 12 asubuhi, nenda moja kwa moja hadi Maji Moto Kubwa bila kusimamasimama, uione ikifuka, halafu wanyama uwatazame wakati wa kurudi. Wengi wanafanya kinyume, wanafika saa nane, joto limewaka, na wanaona kidimbwi kinachonuka. Ukichelewa hivyo, geuza gari kabla ya saa tisa, kwa sababu saa 12 jioni unatakiwa uwe umeshatoka, na mwendo humo ndani hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa.