Wazee wa Dansi, Gitaa Kavu na Praizi Yangu

Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyenichokoza: "Mzee, kuna wazee wenzio Kinondoni wanapiga bila kinanda." Baa yenyewe siitaji jina, maana nitaisema. Kiingilio shilingi 10,000. Nililipa huku nanung'unika.

Walikuwa watano tu: solo, rizimu, besi, tumba, na mwimbaji mwenye manyanga. Hakuna drams, hakuna rapu wa kupayuka majina ya wenye hela. Solo na rizimu ni magitaa makavu, kila moja na maiki yake mbele ya tundu. Besi peke yake ndiyo ilichomekwa umeme, kwenye spika ndogo iliyobanduka ngozi pembeni.

Mimi ni fundi redio, Gerezani, kwa hiyo masikio ndiyo mtaji wangu. Bendi zetu nyingi siku hizi zinanichosha: kinanda kimekalia nafasi ya matarumbeta, kila gitaa linataka kumzidi mwenzake, na mixa imesukumwa mpaka spika zinakoroma. Rizimu anapiga usiku kucha na hakuna anayejua kapiga nini. Jumapili ile nilimsikia. Solo akiuliza, yeye anajibu kwa noti tatu nne, kisha ananyamaza. Walipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayokwenda kasi, hakuna aliyeongeza sauti. Besi alianza kuruka, tumba likabana, na akina mama wa meza ya nyuma wakavua viatu.

Ndivyo bendi za zamani zilivyokuwa zikirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), Barabara ya Pugu: bendi nzima chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja, anayekosea anawarudisha wote mwanzo. Wazee hawa wana nidhamu ile bado.

Ila wasijidanganye. Nyimbo za Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, tangu ilipoanza mwaka 1978, zilijengwa na matarumbeta ndani yake. Michael Enoch, mpuliza saksafoni wao, hakuwa pambo pale. Walipopiga mbili za namna hiyo pengo lilionekana, na mwimbaji alipojaribu kuigiza saksafoni kwa mdomo, mimi niliinamia glasi yangu. Wabaki na zile za magitaa.

Uzi wa solo ulikatika katikati ya wimbo wa nne. Rizimu akadaka kazi yake palepale, wimbo haukusimama. Mhudumu akakimbilia jikoni, akarudi na kisu cha kukatia nyanya! Nikatoa praizi mfukoni. Mzee akanyofoa kipande kilichobaki, akafunga uzi mpya, akaukaza taratibu, shavu kalilaza kwenye ubavu wa gitaa ili asikie yeye peke yake. Akarudi kwenye kiitikio kama aliyetoka kunywa maji.

Sasa baa. Mishkaki minne niliisubiri dakika arobaini, ikaja ya baridi na pilipili bila ndimu. Wazee walipopumzika, di-jei akafungulia spika zile kubwa, tukawa tunaongea kwa mikono. Mtu amekaa saa nzima akisikiliza kidole kikiteleza kwenye uzi, halafu unamfanyia hivyo!

Muziki nawapa nane kwa kumi, jikoni mbili. Jumapili ijayo nakwenda tena nikiwa nimekula nyumbani, maana yule mzee wa solo aliondoka na praizi yangu.