Mwongozo wa Haynes kwa Mwenye Corolla: Unafaa kwa Kiasi Gani?

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiitunza mwenyewe Toyota Corolla yangu ya toleo la AE100 uani kwangu Tabata, Dar es Salaam, na muda wote huo mwongozo wa Haynes wa Corolla za miaka ya 1992 hadi 1997, yaani kitabu cha kumwelekeza mwenye gari namna ya kulitengeneza mwenyewe, ambao mpwa wangu aliniletea kutoka Uingereza, umekaa ndani ya sanduku la spana. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu ambaye hakusomea ufundi lakini ana gari, ana jeki, na anajiuliza kama kitabu cha namna hii kitamsaidia.

Asili ya miongozo hii inaeleza kwa nini imeandikwa ilivyoandikwa. Mwaka 1965 John Haynes, aliyekuwa akitumikia Jeshi la Anga la Uingereza huko Aden, alimsaidia mwenzake kuifufua Austin-Healey Sprite iliyochakaa, akagundua kwamba kitabu cha kiwandani hakikumfaa mtu wa kawaida, hivyo akanunua kamera na kupiga picha kila hatua ya kuifungua injini na kuifunga. Mwongozo wa kwanza ulitoka mwaka 1966. Tangu hapo utaratibu wao ukawa kununua gari, kulifungua na kulirudisha, huku picha zikifuata mikono inayofanya kazi, na msomaji anaihisi hali hiyo katika kila ukurasa.

Nichukue mfano wa breki za mbele, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya mara nyingi zaidi. Kabla ya kuwa na kitabu nilimwona fundi mmoja akifungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki, na kuiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki, nami nikadhani ndivyo inavyofanywa. Kitabu kinaelekeza kalipa ifungwe kwa waya kwenye springi, kwa kuwa mpira ule ukivutwa na uzito huo unaweza kuchanika kwa ndani pasipo kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Kinaelekeza pia kwamba kabla ya kuisukuma pistoni irudi ndani ili pedi mpya zipate nafasi, utazame kopo la mafuta ya breki chini ya boneti, kwa maana mafuta yatapanda na yakifurika yatababua rangi ya gari. Kisha kinatoa kipimo: pedi iliyobakiwa na milimita moja ya kitambaa imekwisha. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililo gumu kulielewa, lakini mtu hawezi kuyabuni akiwa amechuchumaa kando ya tairi saa tano asubuhi jua likiwa kali.

Vipimo ndivyo vilivyonifanya nikithamini kitabu hiki kuliko picha zake. Nati za magurudumu ya Corolla hukazwa kwa nyutoni mita 103 (kipimo cha nguvu ya kukazia) na plagi za injini kwa nyutoni mita 18, tofauti ambayo mkono peke yake hauwezi kuikadiria. Tumezoea kuona mtu akisimama juu ya spana ya magurudumu ili nati "ikubali", na mkono huohuo ukishika plagi iliyoingizwa kwenye silinda hedi ya alumini, meno yanakwenda na gharama yake ni kubwa. Nilinunua spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, kwa sababu ya kitabu, na ningemshauri kila anayekinunua anunue vyote viwili pamoja.

Kuna jambo ambalo mnunuzi wa kwetu analazimika kulichunguza kwanza. Mwongozo huu uliandikwa kwa magari yaliyouzwa Uingereza, ilhali magari yetu mengi yalitoka Japani yakiwa yametumika. AE100 yangu ina injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498, na kitabu kinaeleza 4A-FE ya sentimita za ujazo 1,587. Injini hizo ni za ukoo mmoja na sehemu kubwa ya maelezo inalingana, lakini michoro ya nyaya za umeme nimejifunza kutoitegemea bila kuhakikisha rangi ya kila waya. Mwenye Corolla yenye injini ya dizeli ya 2C atafute kitabu kingine. Kwa upande mwingine, Uingereza na Japani zote huweka usukani kulia kama sisi, hivyo picha za ndani hazikugeuzi kichwa kama zingefanya za toleo la Marekani.

Lugha nayo inatupendelea kidogo. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini ni kile Kiingereza cha Uingereza ambacho mafundi wetu walikichukulia maneno yao, kwa hiyo boneti, buti, spana na giaboksi unazikuta pale pale ukurasani.

Upungufu wa miongozo ya aina hii kwa ujumla ni kwamba hudhani bolti itafunguka. Katika gari lililokaa miaka mingi karibu na bahari, bolti ya eksozi haifunguki, na sentensi isemayo kwamba kufunga ni kinyume cha kufungua haikusaidii ukiwa na bolti iliyokatikia ndani. Hapo ndipo alama za spana ambazo kitabu huiwekea kila kazi kuonyesha ugumu wake, kuanzia moja kwa kazi nyepesi hadi tano kwa kazi ya bingwa, zinapostahili kuheshimiwa. Mimi huishia tatu. Klachi ilipoisha nilimpelekea fundi, lakini usiku uliotangulia nilisoma sura yote, na asubuhi nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kununua si sahani ya klachi peke yake, bali pia presha yake (bamba linaloibana sahani), beringi ya kusukumia na sili ya nyuma ya krenkshafti, ambayo ingekuwa upotevu kuiacha ile ya zamani wakati giaboksi ilikuwa imekwisha kushushwa.