Kijitabu cha majina ya watakatifu: kizuri machoni, ila kimewachanganya akina Felisita

Nilikinunua kijitabu hiki kwa shilingi 6,000 kwenye meza ya vitabu nje ya kanisa, kwa sababu binti wa dada yangu, aliyebatizwa kwa jina la Felisita, alikuwa anajiandaa kwa kipaimara na alitaka kumjua somo wake. Karatasi ni nzito, na maandishi yanasomeka bila taabu hata kwa macho ya umri wangu. Tatizo ni kwamba majina yamepangwa kwa alfabeti na karibu kila jina limepewa maelezo ya mtu mmoja, hata pale ambapo Kanisa linawaheshimu wafiadini kadhaa walioitwa hivyo.

Chini ya Felisita tunasimuliwa habari za mjane wa Roma, mama wa wana saba, aliyetupiwa wanyama wakali huko Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, pamoja na mfiadini Perpetua. Hapo wameunganishwa akina Felisita wawili tofauti. Felisita wa Karthago alikuwa mtumwa, akakamatwa akiwa mjamzito. Na kwa kuwa sheria ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba, alihuzunika kwa hofu ya kuachwa nyuma na wenzake, mpaka alipojifungua mtoto wa kike gerezani, siku chache kabla ya wote kuuawa mwaka 203. Mjane wa Roma, ambaye mapokeo yanasema wanawe saba pia walikuwa wafiadini, alizikwa kando ya Salaria, barabara ya kale ya Roma, na hukumbukwa tarehe 23 Novemba. Kijitabu kimempa tarehe 7 Machi, ambayo ni ya Perpetua na mtumwa yule, kosa ambalo kalenda yoyote ya liturujia ingelisahihisha.

Kwa Valentino mwandishi amekuwa makini zaidi: amemtenga padre wa Roma na askofu wa Terni, ambao wote hutajwa tarehe 14 Februari, na ameeleza kuwa tangu mageuzi ya mwaka 1969 siku hiyo katika kalenda ya Kanisa zima ni ya Sirili na Metodi, ndugu wawili waliowahubiria Waslavi. Dionisi wa Paris naye hakuchanganywa na Dionisio Mwareopago, yule wa Athene aliyeamini mahubiri ya Paulo katika Matendo 17:34, ingawa kwa karne nyingi walidhaniwa kuwa mtu mmoja.

Anayemtafutia mtoto jina la ubatizo kitamfaa, mradi alinganishe tarehe na kalenda. Binti yetu, baada ya kusikia habari za wote wawili, alimchagua yule wa gerezani, nami nikaufuta ule mstari wa wana saba kwa kalamu nyekundu.