Fundi wa Magomeni aliyeninyamazishia kompyuta (Mtwara)

Naandika kwa ajili ya yeyote aliyeko Mtwara mjini, Mikindani, hata Lindi huko, mwenye kompyuta ya mezani inayonguruma mpaka watu wa chumba cha pili wanajua umeiwasha, na kila akiuliza anaambiwa "hizi za mezani ndo zilivyo dada, utazoea". Mi nimezoea mwaka mzima na sikutakiwa kuzoea.

Niko Mikindani. Kazi yangu jioni ni kumrekodi bibi yangu mzaa mama, anasimulia hadithi na vitendawili, vingine Kimakonde vingine Kiswahili, kwa sababu kwenye ukoo wetu amebaki yeye tu anayezijua zote na umri umeenda. Sauti yake ni ndogo sana siku hizi, kwa hiyo inabidi maiki niifungue zaidi, na ukiifungua zaidi feni nayo inaingia. Bibi akisema paukwa tukaitikia pakawa, chini yake kuna vuuuuu isiyokata. Nilijaribu kuifuta kwa programu, vuuu ikaondoka ila bibi akasikika kama anaongea ndani ya pipa. Nikaona hapana, bora kelele itolewe kule kule inapotokea.

Kabla ya huyu fundi nilishapita duka moja mjini (silitaji), nikauziwa feni ya mataa ya rangi, kwamba hiyo mpya haina kelele. Nimefika nyumbani nimeiwasha, ni ile ile, imeongezeka mataa. Mwingine akanishauri nifungue kava la pembeni ipate hewa. Nikafungua, kelele ikatoka yote nje na vumbi likaingia lote ndani, na huku kwetu vumbi jekundu plus upepo wa chumvi wa baharini unaujua mwenyewe, skrubu zilishaanza kuota kutu.

Sasa huyu wa Magomeni. Ni kachumba kadogo tu, meza moja, CPU (yale maboksi ya kompyuta) zimepangwa mpaka mlangoni, ukiingia wawili wa tatu anasubiri nje. Nimebeba CPU yangu kwenye bajaji nimeipakata kama mtoto. Kitu cha kwanza nilichokipenda hakuchukua bisibisi, alisema "iwashe kwanza mama, tuisikilize". Akazima na feni yake ya kupepea na joto lote lile, akamwomba na kijana wa nje apunguze redio. Tukakaa kimya kama dakika tatu hivi tunaisikiliza kompyuta! Mi hapo hapo nikajua nimefika.

Baadae ndo akafungua kava, akawa anaisimamisha feni moja moja kwa kidole, taratibu, anagusa pale katikati kwenye kitovu sio kwenye mapanga, sekunde chache anaachia, na kila akisimamisha moja ananiuliza "imepungua au bado?". Kumbe sauti zilikuwa tatu na mi muda wote nahesabu moja. Feni ya nyuma ilikuwa inakwaruza, beringi imekufa. Feni ya prosesa (kile kipande kinachofanya kazi zote za kompyuta) yenyewe nzima kabisa ila inakimbia mbio kwa sababu chini yake zile pezi za kupoozea zimeziba vumbi limegandamana kama blanketi na ile pesti ya kupitishia joto kati ya prosesa na pezi imekauka imekuwa chokaa, kwa hiyo joto halitoki, prosesa inaona joto inaamrisha feni iongeze mwendo. Na ya tatu ndo ilinishangaza, ule mlio wa chini wa mmmmm ambao niliudhani wa feni ni hadidiski ya kuhifadhia mafaili, ile ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika, imefungwa chuma kwa chuma kwa hiyo boksi zima linatetemeka nayo kama ngoma. Alipoweka kiganja juu ya boksi akakandamiza, mmm ikafa. Akaachia ikarudi.

Hapo angeweza kuniuzia feni tatu na ningelipa, nilishakata tamaa. Akaniambia feni ya prosesa usinunue, isafishwe. Alitoa nje akapuliza na bulowa huku ameshikilia mapanga yasizunguke, anasema upepo wa bulowa ukiizungusha kupita kiasi beringi inaharibika, akafuta pesti ya zamani kwa spiriti akaweka mpya kidogo tu saizi ya punje ya choroko. Hadidiski akaikatia vipande vya tyubu ya baiskeli akaviweka kati ya chuma na chuma, kila skrubu na kipande chake. Tyubu ya baiskeli! Hakunichaji hata mia kwa hiyo tyubu.

Feni ya nyuma ndo ikabidi inunuliwe. Akaangalia kwanza mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani) kama pale pa kuchomeka pana pini 4, maana ule waya wa nne ndo unaoiambia feni iende mwendo gani, ukikosa feni nyingi zinakimbia mwendo wote muda wote usipopunguza umeme wenyewe. Akapendekeza Noctua, ile NF-P12 redux ya milimita 120, ya Austria, ya kijivu haina mataa wala mbwembwe. Mtwara hatukuipata, ikaagizwa Dar ikaja na basi, na bei kusema ukweli inauma, ni kama mara tatu ya ile ya mataa. Mwisho wake ni mizunguko 1,700 kwa dakika na wenyewe wanaandika desibeli (kipimo cha kelele) 25.1 hapo ikiwa imekazana, ila mi kwangu haijawahi kufika huko, inazunguka 700 na kitu na inatosha kabisa.

Hili la mwendo alinielewesha vizuri na naona watu wengi hatulijui. Feni ukiipunguza mwendo nusu, upepo unapungua nusu, lakini kelele inaporomoka karibu desibeli 15, yaani masikio yanaona tofauti kubwa kuliko upepo uliopoteza. Ndo maana feni kubwa inayozunguka polepole inaishinda ndogo inayokimbia. Akaingia kwenye BIOS (ile mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka kabisa) akapanga prosesa ikiwa chini ya nyuzi 60 feni zitulie mwendo mmoja, ikizidi ndo zipande, na zisipande papo hapo, zisubiri sekunde kadhaa. Hii ya kusubiri naisifia sana, kwa sababu kilichokuwa kinanichosha zaidi ni ule mpando na mshuko, unafungua ukurasa vuuUUU inapanda, unafunga inashuka, hata bibi alishawahi kuniuliza hicho chombo kinahema?

Namba zangu mwenyewe, chumba kile kile, mchana wa joto: kabla prosesa ilikuwa nyuzi 68 nikiwa sifanyi kitu na feni yake mizunguko 2,600. Sasa hivi nyuzi 46 na mizunguko 1,100.

Niseme na yasiyonifurahisha, maana sitaki mtu aende akanilaumu. Ahadi za siku usizishike sana, aliniambia Alhamisi nikapata Jumamosi jioni, na simu Ijumaa hakupokea, nimeenda na bajaji nimerudi bure. Risiti mpaka uombe. Kukaa hakuna, utasimama. Pia nilitaka anibadilishie na feni ya ndani ya pawa saplai (kile kiboksi kinachoingiza umeme) kwa sababu nayo ina kauvumi kidogo, akakataa katakata, akasema mle kuna kapasita zinabaki na umeme hata ukichomoa ukutani na yeye kwa feni tu hafungui, kama nataka ninunue pawa saplai nzima. Pale nilinuna kidogo. Nikafika nyumbani nikatafakari nikaona mtu anayekataa hela yangu kwa sababu hiyo ndo mtu wa kumwachia kompyuta.

Ufundi alichukua elfu 25, feni na usafiri wake mbali. Akanipa na masharti: CPU isikae sakafuni wala isibanwe na ukuta nyuma, nimeiweka kwenye kibao pembeni ya meza. Mbele nimeiwekea soksi nyepesi ya nailoni ya kuzuia vumbi, alisema iwe nyepesi kweli kwa sababu ikiwa nzito inaziba hewa halafu feni zinaanza tena mbio, na niifue kila wiki mbili. Nafua. Maji yake yanatoka mekundu.

Ukienda nenda asubuhi kabla redio za jirani hazijawashwa, na nenda na mashine yako nzima sio feni mkononi, kwa sababu bila kuisikiliza hakuambii kitu. Na kama hadidiski yako ni ya kuzunguka na una hela mwulize kuhusu SSD, diski ya aina nyingine, haina kinachozunguka kwa hiyo hata tyubu haihitaji, mi natunza pole pole niibadilishe baada ya korosho.

Juzi usiku nimemrekodi bibi hadithi ya sungura na fisi, ile ndefu. Nimevaa hedifoni nikaisikiliza kuanzia mwanzo. Kuna mahali anasita kabla fisi hajajibu, zamani pale palijaa vuuu tupu, safari hii nimesikia anavuta pumzi, anatikisa bangili, halafu anacheka kidogo kabla ya kuendelea. Hicho kicheko sikuwahi kujua kama kipo.