Nguo za kichanga zilizobaki na lebo: wapi pa kuzipeleka Dar

Zawadi za mtoto karibu zote huja saizi moja: miezi 0 hadi 3. Mtoto naye kwa kawaida huwa ameuzidisha uzito wake wa kuzaliwa mara mbili akifika miezi kama mitano, kwa hiyo nusu ya rundo inabaki na lebo ikining'inia. Njia za kuliondoa zipo kadhaa, na hazilingani hata kidogo.

Kurudisha dukani ni njia dhaifu. Risiti za Kariakoo zimezoeleka na yale maneno yao, "mali ikishauzwa hairudishwi", na zawadi haiji na risiti. Kubadilishiwa saizi kunawezekana zaidi, mradi lebo haijakatwa, mfuko upo na siku hazijapita nyingi. Kinachoharibu ni kufua kila kitu kabla ya kujifungua. Fua vipande sita au saba vya kuanzia, vingine viache kama vilivyo mpaka uone umbo la mtoto.

Kuuza mtandaoni, kwa Instagram au magrupu ya WhatsApp ya kina mama, ndiko kunakolipa, ila ni kazi. Usiuze kipande kimoja kimoja, nauli ya bodaboda itakula bei ya fulana. Funga seti ya vipande sita hadi kumi vya saizi moja. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, na picha ya pili iwe ya lebo. Kisha pima kwa futi ya fundi: begani hadi kwenye msamba, na kwapa hadi kwapa. Lebo za miezi hudanganya, kwani kila kiwanda kina miezi yake. Namba kama 56 au 62 inaaminika zaidi kwa kuwa ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Ukiandika vipimo hivi, maswali yanapungua na linabaki lile la "mwisho sh ngapi dada?", ambalo halina dawa. Kabla ya kumkabidhi boda mzigo angalia salio lako, si meseji ya malipo. Meseji hughushiwa.

Soko la mitumba la Karume, pale Ilala, halifai kwa mzigo mdogo. Mfanyabiashara anayefungua belo alfajiri anapiga hesabu ya bei ya mtumba, na lebo yako mpya haimshtui. Labda uwe na kiroba kizima.

Kwa kugawa, anza na hospitali: Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Usiingie wodini na mfuko, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Kofia na soksi ndizo zenye kazi kubwa, kwa sababu mtoto njiti anayebebwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, huvaa hasa kofia, soksi na nepi. Ovaroli la miezi mitatu litammeza. Kofia yenye kamba shingoni, chomoa kamba kwanza, inaweza kumkaba mtoto.

Nguo nzito za manyoya, zile ambazo Dar hata Julai hazivaliki, zina wenyewe Njombe, Mbeya na Lushoto. Kama una ndugu huko, zitume kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, ukiandika jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya kifurushi.

Kumwekea mtoto wa pili ndiyo njia inayopendwa, na ndiyo tunayoipa alama za chini. Unyevu wa pwani hushikisha kutu vifungo vya chuma vya kubana, mpira wa kiunoni hulegea, na nguo nyeupe iliyokaa ndani ya plastiki huweza kuota njano mikunjoni. Kama ni lazima, zifunge kwenye foronya au kanga kuukuu, uzitoe zipigwe upepo kila baada ya miezi miwili. Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo visikaribie kabisa. Vingi ni nafthalini, na kwa kichanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni ukanda wetu, mvuke uliobaki kwenye nguo unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumletea manjano kali. Nguo ambayo tayari inanuka vidonge hivyo usimpe wala usimuuzie mwenye mtoto mchanga; ikate matambara.