Windy kwa manahodha wa Mombasa: soma sekunde kabla ya upepo

Nyota 4 kati ya 5. Programu hii ya simu ya hali ya hewa ni ya bure, na wengi wanaoifungua Nyali au Bamburi hutazama upepo tu, kisha hufunga. Hapo ndipo hatari hupita bila kuonekana, kwa sababu kimbunga kilicho mbali hutuma mawimbi bila kutuma upepo.

Fungua tabaka lililoandikwa Swell (mawimbi yanayosafiri baharini), gusa bahari nje ya mwamba, usome kimo, uelekeo na sekunde, yaani muda kati ya wimbi moja na linalofuata. Mawimbi ya sekunde 6 au 7 yametokana na upepo wa karibu. Yakifika 14, yametoka mbali. Nguvu ya mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 40 kwa saa kwenye kina kirefu, kwa hiyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 1,800 hutufikia kwa siku mbili hivi. Windy huonyesha safari hiyo vizuri sana.

Pwani inayopigwa na kimbunga moja kwa moja ina tatizo jingine: bahari yenyewe hupanda. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikielekea magharibi, upepo wa upande wake wa kusini hulundika maji pwani, na ule wa kaskazini huyasukuma kutoka nchi kavu. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Aprili 2019; Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 2024. Mara zote mbili Mombasa ilikuwa upande wa kaskazini. Kwetu basi, la kuchunga zaidi ni mawimbi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mwamba. Vipimo vya programu ni vya bahari kuu. Havijui mlango wa mwamba wala kina cha ndani. Maji yakipwa, mwamba huvunja mawimbi. Bamvua (maji makubwa) ikijaa, yanapita juu yake na kugonga kuta za ufukweni. Mita 2 siku ya maji mafu (maji madogo) si sawa na mita 2 siku ya bamvua, kwa hiyo weka jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la Kilindini kando ya simu. Tena kimo kinachoandikwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi moja laweza kukaribia maradufu yake, na likukute mlangoni.

Kwa njia ya kimbunga, linganisha ECMWF na GFS, yaani mifumo ya utabiri ya Ulaya na ya Marekani iliyomo ndani ya programu. Zikitofautiana, usipange safari kwa ramani hiyo; subiri tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa.