AffiliateWP kwenye duka la dagaa: mfumo unamjuaje wakala aliyeleta mteja?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Niko Kigoma, huku nyuma ni Kibirizi, na kelele mnazosikia ni injini za boti, mnivumilie. Leo tunaichambua AffiliateWP, plagini (programu ndogo ya kuongeza) ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, inayofuatilia mawakala wanaokuletea wateja. Tunaiangalia kwenye duka la dagaa na mawese lililojengwa kwa WooCommerce, plagini inayoigeuza tovuti ya WordPress kuwa duka, maana wengi mnaoniuliza biashara yenu ndiyo hiyo: mzigo uko huku, mteja yuko Dar, na katikati yupo shangazi au mwanachuo anayekutangazia ili apate kamisheni.

Haya, tazameni juu hapa kwenye linki. Mwishoni kuna alama ya kuuliza, neno ref, alama ya sawasawa, halafu 7. Hiyo 7 ndiyo namba ya wakala. Mteja akibonyeza, kivinjari chake kinawekewa kuki, yaani kijifaili kidogo cha kumbukumbu, iitwayo affwp_ref, na kilichomo ni ile 7. Jina la mteja halimo, wala namba yake ya simu. Akizunguka dukani, akaweka kilo mbili kwenye kapu, akaagiza, duka linaisoma ile kuki na kumwandikia wakala namba 7 kamisheni yake. Kazi imekwisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ugomvi wote wa mawakala unaanzia hapa. Kuki inakaa kwenye kivinjari kilichofungua linki, basi. Mtu akibonyeza linki akiwa Instagram au Facebook, mara nyingi ukurasa unafunguka ndani ya programu hiyohiyo, na kuki inabaki humo. Jioni akiingia Chrome akaandika jina la duka na kununua, Chrome haina habari na wakala wako. Aliyeona tangazo kwenye simu akaja kuagiza kwa kompyuta ya ofisini, ni hivyohivyo. Kuna na wale ambao simu ikijaa wanafuta data zote za kivinjari. Wenye iPhone nao, Safari inazipa siku 7 tu kuki zilizoandikwa kwa JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, hata kama wewe umepanga siku 30.

Na usipogusa mipangilio, plagini inaipa kuki siku 1. Amazon, ambao mpango wao wa mawakala ulianza mwaka 1996, nao wanatoa saa 24, lakini wale wanauza kila kitu duniani. Mteja wa dagaa anaona tangazo tarehe 12, anatamani, anasubiri mshahara. Weka siku 30 bila kusita.

Kamisheni nayo inakuja imewekwa asilimia 20. Anayeuza kozi za mtandaoni atacheka tu. Wewe uliyenunua dagaa mwaloni, ukalipia magunia na wapakizi, kwenye oda ya shilingi 60,000 unatoa 12,000. Umebaki na nini? Mimi naona 5 hadi 8 inatosha. Halafu tafuta kisanduku cha Exclude Shipping ukiweke tiki, la sivyo unamlipa wakala kamisheni ya nauli ya basi!

Mawakala wawili wakimtumia linki mteja mmoja? Kwa kawaida plagini inamshikilia wa kwanza mpaka kuki iishe muda. Ukiwasha Credit Last Referrer, anachukua wa mwisho. Mimi nauacha kwa wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyehangaika kueleza dagaa wa Kigoma wana nini cha ziada. Chagua unavyotaka, ila waambie mawakala kabla hawajaanza kazi.

Lakini kilichonifanya niipende hii plagini ni kuponi. Unampa kila wakala kuponi yake, yaani neno la punguzo, tuseme SHANGAZI5, unaiunganisha na akaunti yake. Mteja akiiandika wakati wa kulipa, kamisheni inaenda kwa shangazi hata kama hakuna kuki yoyote, hata kama simu ni nyingine. Kwa soko letu, linki bila kuponi ni nusu ya kazi. Wateja wangapi wanakuja WhatsApp na "nitumie namba nilipie"? Huyo analipa kwa M-Pesa, tovuti haijamwona. Muulize kuponi, kisha ingia sehemu ya Referrals umwandikie wakala kamisheni kwa mkono. Inakubali.

Oda isipolipwa, kamisheni inakaa pending, yaani inasubiri. Ikilipwa inageuka unpaid, yaani deni lako kwa wakala. Kulipa mawakala kwa simu utafanya mwenyewe: unatoa faili la malipo, hapohapo plagini inaziandika kamisheni hizo paid, kisha unatuma mmoja mmoja. Kwa mawakala kumi ni sawa, kwa mia inachosha. Na leseni yake ni ya dola, kila mwaka. Kama oda zako zinahesabika kwa vidole, daftari na kuponi za WooCommerce zinatosha kwa sasa.

Ukishaifunga, ijaribu kwa simu ya mtu mwingine: fungua linki ndani ya Instagram, weka oda ndogo, kisha angalia Visits (waliobonyeza linki) na Referrals (kamisheni zilizoandikwa). Usijaribu ukiwa umeingia kwa akaunti ya wakala mwenye linki hiyo, kwa sababu plagini haimlipi mtu kwa manunuzi yake mwenyewe, na utaona sifuri ukadhani imeharibika.